Ngazi za nyumbani kwa mwenye miguu dhaifu: reli, rampu, kiti cha umeme au kuhamia chini?

Familia nyingi zikianza kutafuta dawa ya ngazi kwa ajili ya mzee au mgonjwa, huuliza: atapandaje? Nashauri swali liwe: atashukaje? Anayepanda ameinama mbele, vidato viko usoni pake, na akikosea huangukia mikono. Anayeshuka ana uwazi mbele yake. Goti moja lililokunjwa linabeba mwili mzima, msuli wa paja unafanya kazi ya breki, na akiteleza hakuna kitu karibu cha kumpokea. Ndiyo maana wenye magoti yaliyolika hukwambia kupanda wanajikongoja, lakini kushuka ndiko kunakowatoa machozi. Njia inayompandisha mtu vizuri na kumshusha vibaya imemfungia juu tu.

Kwa hiyo kila njia hapa nitaipima kwa kushuka kwanza, halafu kwa mambo matatu ambayo wauzaji hawayagusi sana: usiku, umeme ukikatika, na pale mtu anapobaki peke yake nyumbani. Nazungumzia nyumba zetu za kila siku: ya ghorofa moja iliyojengwa kidogo kidogo, fleti isiyo na lifti, nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe Zanzibar au Lamu, na ile nyumba ya chini yenye vidato vitatu vya kibarazani ambavyo vinatosha kabisa kumfungia mtu ndani.

Kwanza, ni kiungo gani kinachogoma?

Watu wawili wanaoshindwa na ngazi ileile wanaweza kuhitaji vitu tofauti kabisa. Mwenye maumivu ya goti anahitaji kidato kifupi na mahali pa kutuliza uzito wa mikono. Aliyepata kiharusi anahitaji kushika kwa mkono ulio mzima, kwenda na kurudi. Mwenye moyo au mapafu dhaifu ana miguu yenye nguvu, ila anahitaji kupumzika katikati; kwake kiti kigumu kilichowekwa kwenye kona pana ya ngazi kinaweza kuwa msaada mkubwa kuliko chochote kilichonunuliwa. Mwenye macho hafifu haoni kidato kinapoishia. Na anayetumia kiti mwendo hahitaji ngazi bora, anahitaji njia nyingine.

Mwenyewe aulizwe, tena kwa adabu na faragha, maana wazee wengi huficha kwamba wameshawahi kuanguka. Wanaogopa kunyang'anywa chumba chao. Ukiweza, mpeleke kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo amwone akipanda na kushuka. Huduma hiyo ipo hospitali nyingi za rufaa, na sehemu kama CCBRT Dar es Salaam au KCMC Moshi wamezoea kazi hii. Kwa Kenya, shirika la APDK limekuwa likihudumia watu wenye ulemavu tangu 1958. Mtaalamu atamfundisha pia mpangilio wa miguu: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, mguu mgonjwa unatangulia, na fimbo inakwenda pamoja na mguu mgonjwa. Ni somo la dakika chache, na lina thamani kubwa.

Reli moja au mbili

Hapa ndipo ningetumia shilingi ya kwanza, kabla ya kuzungumzia mashine yoyote.

Nyumba nyingi zina reli upande mmoja tu, ule wa wazi, na ukutani hakuna kitu. Sasa mchukue mtu ambaye kiharusi kimemlegeza upande wa kulia. Akipanda, reli ikiwa kushotoni kwake, anaishika kwa mkono mzima na anafika. Akigeuka kushuka, reli ileile iko kulia, upande wa mkono usioshika. Amefika juu na hana njia ya kurudi. Reli ya pili inamaliza tatizo hilo, na kwa mwenye magoti mabovu inampa mikono miwili ya kugawana uzito na miguu. Usiku inamwongoza hata gizani. Haihitaji umeme. Haihitaji mtu wa kumshika. Katika mambo yote manne, hakuna kifaa kinachoishinda kwa bei yake.

Lakini reli nyingi tulizo nazo ni pambo. Nimeona ngazi zenye vinguzo vizuri vya zege na juu yake ubao au jiwe pana la sentimita 15 au 20. Kiganja hakiwezi kulizunguka. Mtu anaweka mkono juu yake tu, na siku akiteleza mkono unateleza naye. Reli ya kushika iwe duara, unene wa sentimita 3.5 hadi 4.5, ili vidole na gumba vikaribiane. Iwe juu ya ukingo wa kidato kwa sentimita 85 hadi 95. Mpime mwenyewe akiwa amesimama na viatu vyake, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo. Kati ya reli na ukuta ibaki nafasi ya sentimita 4 au 5. Ivuke kidato cha kwanza na cha mwisho kwa sentimita 30 hivi, kwa sababu hatua ya kuingia na ya kutoka kwenye ngazi ndizo mtu anazohitaji kushikilia zaidi. Ncha zake zikunjwe kuelekea ukutani, zisinase mkono wa kanzu wala pindo la buibui. Na isikatike kwenye kona.

Chuma au mbao? Bomba la chuma la kawaida ndilo rahisi, na kila mtaa una fundi wa kuchomelea, lakini ukanda wa pwani hewa ya chumvi hulila haraka; lisipopakwa rangi ya kuzuia kutu na kukaguliwa kila mara, linaoza kwenye kiungio, mahali usipopaona. Chuma kisichoshika kutu ni ghali zaidi na hudumu, ila huteleza mkono ukiwa na jasho. Mbao ngumu kama mninga, ikichongwa duara na kusuguliwa vizuri, ndiyo ninayoipenda kwa wazee wenye vidole vinavyouma: inashikika vizuri kuliko chuma.

Kinachoua reli nzuri ni ukuta. Tofali la saruji lenye matundu halishiki skrubu ya uzito huo. Fundi afunge kwenye nguzo au mkanda wa zege, au atoboe ukuta mzima na kuweka bati nene upande wa pili, na vishikizo visiachane zaidi ya mita moja.

Kuvunja ngazi au kuikarabati

Mwinuko wa kila kidato unaofaa kwa miguu dhaifu ni sentimita 17 au 18, na kina cha kukanyagia kisipungue 28. Ngazi zetu nyingi ni 20 kwa 25, na kwenye nyumba za mawe za zamani ni kali zaidi ya hapo. Mtu husema: basi tuvunje tujenge upya. Piga hesabu kwanza. Ghorofa ya mita 3 yenye vidato vya sentimita 20 inahitaji miinuko 15, na ngazi inachukua mita 3.5 za sakafu. Ukitaka 17 kwa 28, miinuko inakuwa 18 na ngazi inakula karibu mita 4.8. Hiyo mita moja na robo ya ziada kwa kawaida ina ukuta, mlango au choo ndani yake. Kama nyumba bado iko kwenye msingi, bishana na mchoraji sasa hivi. Kama imeshakamilika, kuvunja mara nyingi hakulipi.

Ukarabati, kwa upande mwingine, unagusa vitu vinavyoangusha watu kweli. Kinachoongoza ni vidato visivyolingana. Nyumba zikijengwa kwa awamu, ngazi inamwagwa zege leo, sakafu inapigwa plasta na vigae miaka mitatu baadaye, na kidato cha chini kinabaki kifupi au cha juu kinakuwa kirefu kuliko vyote. Mguu huzoea kipimo baada ya hatua mbili tatu. Tofauti ikizidi sentimita moja, unajikwaa. Pima kila mwinuko kwa futi. Kinacholemaa kisawazishwe kwa plasta na kigae, kabla hujanunua chochote.

Halafu vigae. Kigae kinachong'aa ni fahari ya nyumba na hatari ya mzee. Huna haja ya kuving'oa: mkanda wa kukwaruza kama msasa ukibandikwa kwenye ukingo wa kila kidato unazuia kuteleza, na ukichagua rangi inayopingana na kigae, mwenye macho hafifu anaona kila hatua inapoishia. Kubandua na kubandika upya ni lazima kila unapochakaa, kwa sababu mkanda ulioinuka pembeni ni mtego mpya. Ondoa zulia na mikeka. Ndoo, viatu na vyungu vya maua vinavyopumzishwa kwenye ngazi vitafutiwe kwao. Kandambili nazo zibaki chini. Kiatu cha kupandia kiwe kimefungwa nyuma ya kisigino.

Taa iwe na swichi chini na juu, na taa moja ya kuchaji inayojiwasha umeme ukikatika ifungwe katikati ya ngazi. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na nyonga iliyovunjika.

Mlangoni: rampu au vidato vya nusu?

Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi. Mzee anaanza kutembelea fimbo, vijana kwa mapenzi mema wanamwaga rampu juu ya vidato vitatu vya kibarazani, na mzee anaacha kutoka nje. Wanadhani amekata tamaa. Kumbe wamemtengenezea kilima.

Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Kibaraza cha sentimita 45 kinahitaji rampu ya mita 5.4. Kibaraza cha sentimita 60, mita 7.2. Ukiimwaga mahali palipokuwa na vidato vitatu, unapata mita 1 au 1.5, yaani mteremko ambao mwenye kiti mwendo anaweza kupinduka kinyumenyume akipanda, na anayemshusha anaburutwa na uzito. Kwa anayetembea ni balaa zaidi: mguu ulioathiriwa na kiharusi unakwaruza ncha ya kidole, goti halipati mahali tambarare pa kutulia, na kushuka kwake ni kufunga breki kuanzia juu hadi chini. Masika yakianza, saruji laini inakuwa sabuni.

Vidato vya nusu vinafanya kinyume. Kila mwinuko wa sentimita 20 unagawanywa kuwa miwili ya 10, na kila hatua inakuwa na sehemu tambarare ya kusimama. Kwa mwenye fimbo, kina cha sentimita 35 kinatosha. Kwa anayetumia fremu ya kutembelea, kila kidato kiwe kama jukwaa dogo, sentimita 60 au zaidi, fremu iingie yote na miguu ifuate. Weka reli pande zote mbili. Kazi ya siku chache kwa fundi uashi mmoja.

Uamuzi wangu hapa hauna wasiwasi: anayetembea, mpe vidato vya nusu, wa kiti mwendo, mpe rampu ya kipimo kamili, upana usiopungua sentimita 90 na zaidi kama pana nafasi, uso uliokwaruzwa kwa ufagio kabla saruji haijakauka, na kingo za pembeni ili gurudumu lisichupe. Eneo likiwa dogo, rampu inaweza kukunja na kupita kando ya ukuta. Nafasi ikikosekana kabisa, usimwage rampu fupi ukijifariji kuwa ni bora kuliko kutokuwa nayo.

Ndani ya nyumba, rampu ya kwenda ghorofani haipo. Mita 3 za kupanda zinataka mita 36, bila kuhesabu sehemu za kupumzikia.

Kiti cha umeme na lifti ya nyumbani

Kiti cha umeme cha ngazi hukimbia juu ya reli iliyofungwa kwenye vidato vyenyewe, pembeni. Wazo lake ni la zamani, C. C. Crispen wa Pennsylvania, Marekani, alilibuni miaka ya 1920 kwa ajili ya rafiki yake mgonjwa. Kwa kushuka, hiki ndicho mshindi: mtu anakaa, anafunga mkanda, anashuka taratibu, na kwenye vingi kiti huzunguka kule juu ili asimame akiwa ameligeuzia mgongo shimo la ngazi. Wengi huogopa kukatika kwa umeme, na hapo nina habari njema: viti vingi vya kisasa huendeshwa na betri zinazochajiwa muda wote, kwa hiyo vinaendelea kwa safari kadhaa hata umeme ukiwa umekatika. Ila mgao wa saa nyingi mfululizo ni jambo lingine, na betri huchoka kwa miaka.

Maswali ya kumbana nayo muuzaji ni mengine. Ngazi yako imenyooka au ina kona? Reli iliyonyooka hukatwa kwa urefu wa ngazi yako na bei yake inavumilika. Ya kona hutengenezwa kwa vipimo vya ngazi moja tu, na bei hupanda mara kadhaa. Hili ni muhimu hasa kwa wenye ndugu Uingereza au Kanada wanaotaka kutuma kilichotumika: reli iliyonyooka inaweza kufupishwa na kufungwa hapa, lakini ya kona iliyotoka kwenye nyumba ya watu kule ni chuma chakavu ukiileta Tabata. Swali la pili: nani atakitengeneza? Ubovu wa bodi ndogo ya umeme, spea ikiwa haipo nchini, unaweza kukuacha na kiti kilichoziba ngazi kwa miezi. Na upana upo? Chini ya sentimita 70 hivi, wengine wa nyumbani watapita kwa shida.

Kiti hakimfai kila mtu. Asiyeweza kukaa bila kuegemezwa, mwenye goti lisilokunjika, na mwenye upotevu wa kumbukumbu anayeweza kujifungua mkanda katikati ya safari, hao hawafai kuwekwa humo peke yao. Wa kiti mwendo naye atahitaji kuhamishwa mara mbili na kiti mwendo cha pili juu.

Lifti ya nyumbani inawachukua hata hao. Lakini inataka kutoboa sakafu ya zege, na hapo aje mhandisi wa majengo, maana nondo zilizokatwa ovyo hazirudi. Kwa nyumba mpya ushauri wangu ni rahisi: panga vyumba vya stoo viwili vinavyokaa kimoja juu ya kingine, hakuna kitu kizito cha kimuundo kati yake, na shimo la baadaye litakuwa tayari. Kwa nyumba ya zamani, fikiria kwanza njia inayofuata.

Ukiagiza kifaa kutoka nje, ulizia forodha kabla mzigo haujafika bandarini. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 ina msamaha wa ushuru kwa vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu, na nyaraka za daktari zikiandaliwa mapema husaidia.

Kuhamia chini

Chumba cha wageni, stoo au sehemu ya gereji igeuzwe chumba cha kulala, na choo kiwe karibu. Kwa kushuka, usiku, umeme na upweke, njia hii inashinda zote, kwa kuwa ngazi yenyewe imeondoka kwenye maisha ya mtu. Pesa ambayo ingeenda kwenye kiti cha umeme mara nyingi inatosha kujenga bafu zuri la chini: choo cha kukaa, vyuma vya kushikia, sakafu isiyoteleza, mlango wa sentimita 90. Na bafu hilo litamfaa kila atakayezeeka humo.

Gharama yake iko kwingine. Mama aliyelala chumba kimoja miaka 30, kabati lake, dirisha lake, upepo wake wa jioni, anaambiwa ahamie kilichokuwa stoo. Asiamriwe. Achague rangi, kitanda chake kishushwe kilekile, na chumba kiwe na dirisha la maana. Wengine hufurahi baadaye: chini ndiko wageni wanakopita, jikoni kuko karibu, na kibarazani ni hatua chache. Ila familia yote ikilala juu, wekeni kengele isiyo na waya kitandani kwake, na mtu mmoja alale chini usiku wa homa.

Njia hii inagoma Mji Mkongwe na Lamu, ambako familia huishi juu na chini mara nyingi ni duka au ghala lisilo na hewa. Ngazi huko ni kali, nyembamba na za giza. Hata mashine za kupandisha kiti mwendo, ambazo nyingi zimetengenezewa ngazi yenye mteremko usiozidi nyuzi 35 hivi, hazifai. (Ngazi ya 20 kwa 25 peke yake imeshafika karibu nyuzi 39.) Na majengo yamelindwa, kwa hiyo kutoboa na kuvunja kunahitaji kibali. Huko ningesisitiza reli mbili za mbao, taa, na kubadilishana vyumba na ndugu wa ghorofa ya chini yake, hata kama ni kupunguza ngazi nusu tu.

Fleti isiyo na lifti

Kwa wanaoishi ghorofa ya tatu au ya nne, kama majengo mengi ya zamani ya Upanga, Dar es Salaam, ngazi ni mali ya pamoja. Tanzania Bara jambo hilo limo katika sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008, na Kenya katika ile ya 2020. Reli ya pili inahitaji ridhaa ya wamiliki wenzako. Peleka hoja hiyo kwenye kikao cha jengo ukiwa na makadirio ya fundi mkononi. Wenye watoto wadogo na wajawazito watakuunga mkono.

Ukiwa mpangaji, kubadilishana fleti na wa chini ni bora kuliko kununua mashine. Kubebwa kwenye kiti na vijana wawili kubaki kuwa njia ya dharura na ya siku za kliniki. Anayebebwa afungwe mkanda, mmoja awe nyuma na mmoja mbele, uso wa mgonjwa uelekee chini ya ngazi wakati wa kushuka ili aegemee nyuma, wote wakienda kwa sauti ya mmoja. Kiti cha plastiki kisitumike kabisa: miguu yake hupasuka.

Na fundi yeyote wa reli, iwe ya fleti au ya nyumba yako, asilipwe sehemu ya mwisho mpaka yeye mwenyewe aning'inie kwa uzito wake wote kwenye kila kishikizo, kimoja baada ya kingine, wewe ukiwa umesimama hapo unatazama kama plasta inatoa ufa.